Aliyevuta Gia ya Pili

Mshika bendera wa Kona ya Msalaba ndiye aliyefika wa kwanza, na mpaka leo hapendi kuulizwa alichokikuta. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa tatu na robo asubuhi, siku ya mbio za magari za kupanda mlima katika kijiji cha Oberscheid. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Alilisikia gari dogo la kijani likipanda, akalitambua kwa sauti yake kama kila mtu wa Oberscheid anavyolitambua. Kisha kikatoka kishindo kimoja kikavu, kama gogo linalopasuliwa kwa shoka. Yakafuata matairi, halafu mti.

Svenja Retterath, mwalimu wa watoto wadogo, umri wa miaka thelathini na moja, bingwa wa mlima huo kwa misimu miwili mfululizo, alikuwa amekwisha kufa kabla mshika bendera hajaushuka mtaro.

Mtangazaji wa mbio alikuwa chini kabisa, mahali pa kuanzia. Hakuona kitu. Lakini alikuwa na kipaza sauti mkononi na ukimya wa kujaza, akasema: "Inaelekea Svenja amekosea gia."

Basi. Kufikia mchana, watu waliopanga foleni kwenye kibanda cha soseji walikuwa wanalisimulia jambo hilo kama walilolishuhudia kwa macho. Svenja amekosea gia. Maskini. Alikuwa hodari, lakini siku hiyo mkono umemponyoka.

Inspekta Dagmar Thelen wa polisi wa upelelezi alifika saa saba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, aliyefanya kazi miaka mingi kitengo cha ajali kabla ya kuhamia kwenye mauaji, na hakuwa na haraka. Aliutazama mti wa msonobari uliochubuka, akautazama utelezi wa oili barabarani, ukianza mita nyingi kabla ya kona. Kando ya mtaro, mzee mfupi mwenye ovaroli alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono imelala magotini.

"Wewe ni fundi wake?"

"Alois Brämer. Injini hiyo niliifunga mimi, mwezi wa saba. Pistoni mpya, boliti mpya, kila kitu." Hakuinua macho. "Andika ni mimi, Inspekta."

"Niandike nini?"

"Kwamba ni kosa langu. Wanasema amekosea gia. Yule mtoto nilimfundisha mimi na baba yake. Hajakosea gia tangu ana miaka kumi na tisa. Kama siyo yeye, basi ni boliti zangu. Hakuna cha tatu. Kwa hiyo andika ni mimi, wamwache apumzike."

Thelen alikaa kwenye tairi jingine. "Nieleze kwanza hiyo kukosea gia. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Alois akanyoosha mkono wa kulia, akashika hewa kama anashika kirungu cha gia. "Uko gia ya tatu, injini inalia, unataka ya nne. Unavuta nyuma, moja kwa moja. Mkono ukiwa mlegevu, unaingia ya nne wenyewe. Lakini ukikaza ngumi, ukavuta kwa woga, mkono unakuja upande wako, kushoto. Unaangukia ya pili. Ukiachia klachi tu, injini iliyokuwa inazunguka mara elfu saba kwa dakika inalazimishwa kuzunguka karibu mara elfu kumi. Valvu zinachelewa kufunga, zinakutana na pistoni uso kwa uso. Mikono ya pistoni inavutika. Boliti zinarefuka."

"Na kile kizuizi cha mwendo wa injini?"

"Kizuizi kinakata moto, mama. Hapo anayeizungusha injini siyo moto tena, ni magurudumu. Hakuna cha kuizuia."

Thelen akasimama, akaenda kwenye gari, akachungulia kupitia dirisha lililovunjika. Kwenye mita ya mizunguko kulikuwa na mishale miwili. Mweupe ulikuwa umelala sifuri. Mwekundu ulikuwa umesimama peke yake kwenye elfu saba na mia moja.

"Huu mwekundu ni wa nini?"

"Huo haurudi. Unabaki pale injini ilipofika juu kabisa, mpaka uurudishe kwa kinobu, kile kitufe kidogo kilicho chini ya dashibodi." Alois alikuwa amesogea nyuma yake. Alipouona mshale akauma mdomo. "Elfu saba na mia moja. Hatari inaanzia elfu saba na mia tano. Unaona? Hakukosea. Nimekwambia ni mimi."

Alilia hapohapo, akiwa amesimama, bila kujifuta.

*

Konrad Retterath aliishi juu ya kijiji, kwenye nyumba ya mawe yenye banda kubwa ambamo gari lilikuwa likilala. Mkewe alishafariki, alibaki na binti mmoja, na sasa hana. Ni mzee mrefu, wa kuinama mlangoni. Aliwahi kuwa bingwa wa mlima mara tisa, na ukuta wa sebule ulijaa picha zake: kijana mwembamba anayeinua kombe kwa mkono wa kulia, mtu mzima anayeinua kombe kwa mkono wa kulia, baba mwenye mvi aliyempakata msichana kwenye boneti ya gari la kijani.

Alimkaribisha Thelen jikoni, akamimina kahawa. Alimimina kwa mkono wa kushoto, polepole, na nyingine ikaingia kwenye kisahani. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa sweta. Thelen aliona, akadhani ni majonzi. Watu waliofiwa hushikilia vitu vya ajabu mifukoni.

"Pole sana, Mzee Konrad."

"Asante."

"Watu wanasema alikosea gia."

Mzee akatazama dirishani. "Watu wanasema mengi."

"Wewe unasemaje?"

"Injini ni kitu cha chuma, Inspekta. Ina siku yake."

"Alois anasema ni kosa lake."

"Alois ni mtu mwema," Konrad alisema. "Mwambie asiseme hivyo."

"Gari lilikuwa linakaa hapa?"

"Bandani. Mpaka Ijumaa alipolipeleka kwa Alois kubadilishiwa matairi."

"Nani mwingine analiendesha?"

"Hakuna. Lilikuwa lake. Mimi sijalikalia tangu vuli ya mwaka jana."

"Funguo za banda?"

"Svenja. Mimi. Na Torben Hacke anao, hajaurudisha. Walikuwa wachumba mpaka mwezi wa sita." Akasita. "Lakini sisemi kitu juu ya kijana wa watu."

*

Gari lilipelekwa karakana ya polisi, na Jumatatu mtaalamu wao, Nettekoven, akamwita Thelen. Injini ilikuwa imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya meza. Mkono mmoja wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa ubavu wa injini. Oili yote ikamwagika juu ya matairi ya nyuma. Hapo hata malaika asingeliongoza gari.

"Boliti zilikuwa mbovu?" Thelen aliuliza.

"Boliti nzuri, zimefungwa vizuri. Fundi yule anajua kazi." Nettekoven akamwekea boliti iliyokatika chini ya taa. "Tazama mahali ilipokatika. Robo tatu ni nyeusi, oili imeshaingia. Robo moja inang'aa. Maana yake?"

"Ilipasuka kwanza, ikakaa na ufa, halafu ikamalizika."

"Na hizi." Akageuza pistoni. Juu ya kichwa cha kila moja kulikuwa na alama ndogo, umbo la mwezi mchanga. "Valvu zimezibusu pistoni. Injini ilizungushwa kupita kiasi vibaya sana. Sasa pitisha kidole."

Thelen akapitisha. Kidole kikatoka cheusi.

"Masizi," alisema. "Masizi yako *juu* ya alama."

"Ndiyo. Zingekuwa za Jumamosi asubuhi, zingekuwa safi, zinametameta. Injini iliumia, ikaendelea kufanya kazi, ikatoa moshi wake juu ya majeraha yake. Siku moja kabla, mbili, tatu. Zaidi ya hapo isingefika."

Thelen akajifuta kidole. Msichana hakukosea gia, kwa sababu mshale ulisema hivyo. Fundi hakukosea, kwa sababu boliti zilisema hivyo. Kulikuwa na cha tatu. Mtu alikuwa ameliendesha gari lile, akavuta gia ya pili badala ya ya nne, akaisikia injini ikipiga yowe, na mshale mwekundu ukasimama pale ulipofika, karibu elfu kumi. Halafu mtu huyo akaingiza mkono chini ya dashibodi, akaurudisha.

Kukosea si kosa la jinai. Kuurudisha mshale na kunyamaza ni jambo jingine kabisa.

*

Alimkuta Alois gerejini, mlango nusu wazi, hakuna kazi inayoendelea. Alipoelezwa habari za masizi, fundi akalazimika kukaa.

"Siyo mimi?"

"Siyo wewe. Wala siyo yeye. Nikumbushe Ijumaa, alipoleta gari."

Alois akajipangusa uso. "Alikuja baada ya kutoka shule. Akashuka ananung'unika na kucheka. 'Alois, nani kakalia kiti changu? Nimelazimika kuendesha nimelala kama niko kwenye bafu.' Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa."

"Wewe hukukisogeza?"

"Mimi?" Alois akasimama wima; alimfikia Thelen begani. "Mimi nikisogeza kiti nyuma, siioni barabara."

"Na mshale mwekundu, Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Chini, elfu tatu hivi, mwendo wa kutoka nyumbani tu. Nikajua ameurudisha yeye. Huwa anaurudisha kabla ya mashindano." Akautazama mlango ulio nusu wazi. "Nilipoliingiza ndani, injini ilikuwa na sauti nyingine kidogo. Kitu kidogo sana, kama mtu mwenye kikohozi anayejizuia kanisani. Nikajisemea ni baridi. Nilikuwa na matairi ya kufunga, na yeye alikuwa na haraka. Nikajisemea ni baridi, Inspekta."

Thelen akamshika bega, akaenda kumtafuta Torben.

Torben Hacke alikuwa seremala, kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu, na alijua anachokuja kuulizwa. Watu watatu walishasema kwamba Jumamosi asubuhi alionekana ameinama ndani ya gari la kijani, kichwa na mabega vyote ndani, kabla tu ya mbio.

"Ulikuwa unafanya nini mle?"

"Nilikuwa nampa glavu zake. Zilibaki kwangu tangu tulipoachana."

"Miezi mitatu unakaa na glavu?"

"Nilikuwa nazitunza." Alikwepesha macho. "Nilitaka kisingizio cha kuongea naye. Ndiyo hivyo. Ukitaka kuniweka ndani kwa hilo, niweke."

"Akasemaje?"

"Alinitania. Akasema, 'Ona, hata mshale Alois ameshanirudishia, sijamwomba. Alois ananijali kuliko wewe.' Nikamwambia, Alois hana ndevu nzuri kama zangu. Akacheka." Torben akashika kipande cha mbao kilichokuwa karibu naye, akakiweka tena chini. "Ndiyo mara ya mwisho nilimwona anacheka, na alicheka na mimi. Nashukuru kwa hilo."

Thelen akasimama palepale alipo. "Rudia. Alisema mshale umerudishwa na Alois?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na Alois anasema umerudishwa na Svenja."

Wakatazamana. Svenja na Alois, kila mmoja alidhani ni mwenzake.

"Una ufunguo wa banda, Torben. Na kiti kilisogezwa na mtu mrefu."

"Ninao. Huu hapa, uchukue. Lakini sijaligusa gari lile. Mimi na gia hatuelewani, liulize gari langu la kazi." Akafikiri. "Kama mnataka siku, niambieni siku. Nitawaambia nilikuwa wapi."

Siku ilitoka kwa Bi Gerlinde Zirbes, mwenye mizinga ya nyuki kwenye mteremko wa chini, ambako barabara ya mlima inanyooka kabla ya kuingia msituni. Thelen alikuwa anaipanda ile barabara kwa miguu, akitazama chini. Mbele ya mizinga aliikuta mistari miwili mifupi, myeusi, sambamba, ya magurudumu ya nyuma tu. Gari likikanyagwa breki, magurudumu yote manne huandika. Yakiandika ya nyuma peke yake, ni injini iliyoyashika ghafla.

"Ah, hiyo," alisema Bi Gerlinde, akitoka na kofia yake ya wavu. "Hiyo ni ya Alhamisi. Siku tuliyomzika mke wa mwokaji mikate."

"Una hakika?"

"Mwanangu, kengele za kanisa zilikuwa zinalia. Mimi mguu ulinikatalia nisishuke, nikabaki na nyuki wangu. Kijiji kizima kilikuwa makaburini. Nikalisikia gari la Retterath linapanda. Nikasema, loo, leo tena? Halafu likapiga yowe. Sijawahi kusikia chuma kinapiga yowe namna ile. Nyuki walitoka nje. Halafu likazima."

"Ulimwona dereva?"

"Ua hili limenizidi kimo. Nilisikia mlango ukifunguliwa, kimya kirefu, mlango ukafungwa. Likawaka, likageuka, likashuka taratibu, taratibu mno, kama linabeba mayai."

"Svenja alikuwa wapi?"

"Makaburini, na watoto wa shule. Waliimba. Niliwasikia mpaka huku."

"Na Torben Hacke?"

"Torben alibeba jeneza. Mbele, kushoto. Nililiona likipita kwenye daraja, upande wa bondeni usio na ua." Bi Gerlinde akavua kofia. "Kwa nini unaniuliza hivyo, mwanangu? Unanitisha."

*

Jumanne, saa tano asubuhi, Thelen aligonga mlango wa nyumba ya mawe. Aliyefungua ni Alois. Alikuwa ameleta supu ya viazi. Tangu Jumamosi amekuwa akimletea rafiki yake chakula kila siku, na kukaa naye mpaka ale.

"Ingia, mama. Leo amekula kidogo."

Konrad alikuwa mezani. Thelen alikaa mbele yake. Alois akataka kutoka.

"Baki," alisema Thelen. "Una haki ya kusikia. Mzee Konrad, Alhamisi mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa sijisikii vizuri."

"Mke wa mwokaji mikate alikuwa jirani yako. Mlango kwa mlango, maisha yote. Hukwenda kumzika."

"Nimesema sikujisikia vizuri."

"Wakati wa maziko, gari la Svenja lilipanda mlima. Mbele ya mizinga ya Bi Gerlinde, dereva alitoka gia ya tatu, akavuta ya pili. Injini ikavunjika ndani kwa ndani. Akashuka, akaitazama, akageuza, akalirudisha bandani bila kukwaruza hata rangi. Akaurudisha mshale. Kiti alikisahau. Ni mtu mrefu, mwenye ufunguo, anayekijua kinobu kilipo. Torben alikuwa amebeba jeneza."

Alois alikuwa amesimama na kijiko mkononi. "Inspekta, unasema nini? Konrad hawezi kukosea gia. Huyu mtu amepanda mlima ule akiwa amefumba macho."

"Naamini," alisema Thelen. Akalisogeza birika la kahawa katikati ya meza. "Mzee Konrad, naomba unimiminie kahawa. Kwa mkono wa kulia."

Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake. Konrad alimtazama, si kwa hasira. Kisha akautoa mkono mfukoni, akalishika birika. Mfuniko ulianza kugonga kabla birika halijanyanyuka. Kahawa ikaenda mezani, ikaenda kwenye supu, ikaenda kwenye mkono wenyewe, na mkono haukuacha kutetemeka hata alipoliweka birika chini na kuufunika kwa ule mwingine.

"Tangu lini?" aliuliza Alois. Ilikuwa sauti ndogo sana.

"Tangu Krismasi. Daktari ana jina la ugonjwa huu. Hauna dawa ya kuponya." Konrad alizungumza akiutazama mkono. "Akaniambia nisiendeshe. Nikamwambia sawa. Sikumwambia Svenja. Ningemwambia, angezichukua funguo, angenipikia uji, angenifunga leso shingoni. Nilitaka kupanda mara moja tu, Alois. Mara ya mwisho, barabara ikiwa tupu. Nilijua kijiji kizima kitakuwa makaburini."

"Halafu mkono ukakaza," alisema Alois.

"Ukakaza. Nilitaka ya nne. Mkono ukaja upande wangu, ukaangukia ya pili." Akaukaza mkono wa kushoto juu ya wa kulia. "Mshale ulikuwa karibu na elfu kumi. Nilifungua boneti, nikakagua. Nikaiwasha tena, ikawaka mara moja! Ikaunguruma vizuri. Nikajiambia, unaona, imepona. Mimi, niliyefungua injini mia, nikajiambia imepona."

"Kwa nini uliurudisha mshale?" aliuliza Thelen.

"Angeuona, angejua."

"Na yeye hakukuuliza?"

Konrad alifumba macho. Hapo ndipo uzee wake wote ulipojitokeza kwa mara moja.

"Aliniuliza. Ijumaa jioni, aliporudi. Alisimama pale mlangoni. Akasema, 'Baba, umelikalia gari langu?' Nikamwambia, 'Nilikaa tu kidogo, nikanusa harufu yake.' Akaja akanibusu kichwani. Akasema, 'Msimu ujao nitakupandisha mimi, utakaa pembeni.' Nilikuwa na usiku mzima wa kusema. Nilikuwa na asubuhi. Nilimfunga mkanda mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nikasema nitasema. Halafu bendera ikashuka."

Alois alikiweka kijiko mezani kwa uangalifu, kana kwamba ni cha kioo.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Siyo yeye. Mimi. Ningesema nimesahau kukaza kitu, ningeifungua injini, asingejua kamwe. Alasiri moja tu, Konrad. Umekaa hapa siku tatu unakula supu yangu, na mimi nalia kwamba nimemuua mtoto wako."

"Nilimwambia Inspekta akuambie usiseme hivyo."

"Ulimwambia Inspekta!"

Alois alichukua kofia yake, akatoka. Hakubamiza mlango. Wakamsikia nje akianza kutembea, akisimama, akianza tena.

Thelen alisema yale anayopaswa kusema: kwamba anakamatwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, kwamba ana haki ya wakili, kwamba halazimiki kuongeza neno. Konrad alitikisa kichwa kukubali kila kifungu.

"Naweza kuomba kitu kimoja?" aliuliza. "Leo mchana chama cha mbio kinakutana kwenye hoteli ya Bi Liesel. Watatoa tangazo. Najua watakachosema. Kosa la dereva."

"Nitawapigia simu."

"Hapana. Nataka kusema mwenyewe."

*

Walikuwa watu kama ishirini, na harufu ya kabichi na nyama ya kukaanga. Mtangazaji wa mbio alikuwepo. Torben alikuwa peke yake pembeni. Konrad aliposimama mlangoni, wote waliinuka, kwa sababu ya msiba, na mtu akamvutia kiti.

"Sikai," alisema. "Kaeni nyinyi."

Wakakaa.

"Svenja hakukosea gia. Nilikosea mimi, Alhamisi. Niliiharibu injini, nikaficha, nikamwacha aondoke nayo. Alois hana kosa. Alifanya kazi nzuri, kama siku zote. Msiandike kosa la dereva. Alipanda vizuri. Nilisimama pale chini, nikamsikiliza gia kwa gia, na alipanda vizuri kuliko nilivyowahi kupanda mimi."

Mtangazaji alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja vyake. Kutoka pembeni Torben akasema, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Kwa nini hukumwambia tu, mzee?"

"Niliogopa atanitazama tofauti," alisema Konrad.

Akageuka, akainama kupita mlangoni, na Thelen akamfuata. Mbele ya hoteli njia ilikuwa inagawanyika. Thelen aliwasha gari, akaweka ishara ya kuelekea mlimani, kupitia Kona ya Msalaba, kwani huko ndiko karibu kufika mjini.

"Inspekta," alisema Konrad kutoka kiti cha nyuma. "Tunaweza kuzunguka kwa chini?"

"Kwa chini ni mbali. Karibu mara mbili."

"Najua."

Thelen akaizima ishara. Wakazunguka kwa chini, polepole, kupitia mashamba yaliyokwisha kuvunwa.